Kizuri Hakijiuzi Mbele ya Jopo

Intavyuu yangu ya kwanza niliiharibu kabla hata sijakaa. Ilikuwa mwaka 2015, kiwandani huko Vingunguti, nafasi ya msaidizi wa stoo. Nilikuwa nimevaa viatu vya dada yangu vinavyonibana, na bahasha ya kaki nimeikumbatia kifuani kama mtoto. Ndani nikakuta watu watatu: mama mmoja mtu mzima, mwanamume wa makamo, na kijana ambaye kwa kumtazama tu nilijua nimemzidi umri. Nikasema, "Shikamooni." Mama akaitikia marahaba. Wa makamo akatikisa kichwa. Kijana akainamia simu yake, nami nikabaki nimesimama nikijiuliza kama nimemkosea kwa kumwamkia, au ningemkosea zaidi kwa kumruka. Siku hizi nawaambia wote "Habari za asubuhi", yakaisha. Hakuna anayevunjiwa heshima wala anayezeeshwa.

"Karibu. Tueleze kidogo kuhusu wewe," mama akasema.

Nikaanza. Kwa jina naitwa fulani, nimezaliwa Korogwe mwaka 1991, ni mtoto wa tatu kati ya sita, shule ya msingi nimesoma pale, kidato cha kwanza hadi cha nne kule, cha tano na sita kwingine. Nilikuwa nimefika mwaka wa pili wa chuo pale yule wa makamo alipoinua CV yangu na kuigonga kwa kalamu.

"Hayo yote tunayo hapa."

Sikuwa na mengine. Nilikuja na kitu kimoja, na hicho kimoja walikuwa nacho tayari mezani.

Likaja swali la pili, kwa nini nataka kufanya kazi pale. Nikajibu kwa moyo wote: maisha magumu, baba amestaafu, wadogo zangu wako shuleni na mimi ndiye wanayenitazama, "kwa hiyo naomba mnisaidie, nipo tayari kwa kazi yoyote." Yule mama aliniangalia kwa huruma ya kweli kabisa. Akasema, "Pole sana, mwanangu." Pole ile ndiyo ilikuwa barua yangu ya kukataliwa. Nyingine haikuja.

Kwa miaka mingi niliamini nilikosa kazi ile kwa sababu sikuwa na mtu ndani. Inawezekana. Lakini nikikumbuka nilivyojibu, hata ningekuwa na mjomba pale angeona haya kunitetea. Kwetu tunasema kuomba kazi. Barua yenyewe tunaiita barua ya maombi. Basi mtu anaingia chumbani akiwa ameshajiandaa kuomba, na mwombaji kazi yake ni kueleza shida. Kumbe aliyekaa upande wa pili ana shida zake: malori yanaingia asubuhi, mzigo wa jana haujahesabiwa, mtunza stoo wa zamani kaondoka na siri za stoo kichwani. Anatafuta wa kumpunguzia mzigo, na mimi nikamwongezea wa kwetu. Na hiyo "kazi yoyote", ambayo nyumbani ni unyenyekevu na adabu njema, kule inasikika kama ya mtu aliyepotea njia akaingia ofisi yenye mlango wazi.

Nilifanya intavyuu tisa kati ya mwaka ule na 2022. Sitazisimulia zote, nyingine hazina cha kusimuliwa; unaingia, unatoka, wanasema "tutakupigia", unachaji simu kwa wiki mbili bila kuizima. Kuna moja ya Dodoma, mwaka 2018, ambayo ilinifunza kuwa usaili wa serikali ni mnyama mwingine. Jina langu lilitokea kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili la Sekretarieti ya Ajira. Nikapanda basi Ubungo kwa nauli ya kuazima, maana tangazo linasema wazi kwamba chakula, usafiri na malazi ni juu yako, nikalala kwa dada wa rafiki yangu. Kwanza kulikuwa na mchujo wa kuandika. Kabla hata ya kuingia, dada mmoja mbele yangu alirudishwa kwa sababu alikuwa na karatasi ya matokeo badala ya cheti halisi. Mwingine jina la kwenye cheti na la kwenye kitambulisho yalipishana na hakuwa na hati ya kiapo. Alikuwa ametoka Mwanza. Alilia palepale, na sisi tulio nyuma yake kwenye foleni sote tukafungua bahasha zetu kukagua upya.

Nilipita mchujo, nikaingia ana kwa ana. Wasaili walikuwa na karatasi ya maswali, kila mtu anauliza lake na wote wanaandika alama. Hawatabasamu wala hawakuvutii maneno mdomoni. Nilipoulizwa hatua za kupokea mzigo stoo, nikataja mbili nikanyamaza, nikingoja anitie moyo niendelee, kama tufanyavyo kwenye maongezi ya kawaida: unasema kidogo, mwenzako anaitika "enhe", unaendelea. Hakuna aliyeitika enhe. Alama zikaishia pale niliponyamaza. Hatua zenyewe nilizijua zote sita. Tangu siku hiyo, nikikutana na jopo la namna ile, nasema mpaka niishiwe na hoja, kisha nasema "nimemaliza", ili anayeandika ajue.

Wakati huo wote nilikuwa na kazi, tena ya stoo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Ila nilikuwa siihesabu kama kazi, kwa kuwa haikuwa na mkataba wala kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Nikiulizwa uzoefu, nilikuwa nasema, "Nilikuwa dukani kwa mtu tu." Hebu sikiliza sentensi hiyo. Miaka minne ya kupokea saruji, nondo, mabati na rangi, kuandika leja, kupatanisha delivari noti na mzigo, nikaifupisha kwa neno "tu".

Nikaacha pale mwaka 2020 baada ya mshahara kuchelewa miezi mitatu. Mwezi uliofuata nikaitwa na waagizaji fulani wa bidhaa, Kariakoo. Swali la kwanza: kwa nini uliacha kazi? Nikafunguka. Nikasema tajiri alikuwa mkali, anatukana mbele ya wateja, hela anazo ila kulipa hataki, ndugu zake wanachukua mali bila kuandikisha, na mengineyo. Yote yalikuwa kweli, neno kwa neno, na msaili alikuwa ananisikiliza vizuri, anaitika "enhe" kila nikitua, kwa hiyo nikazidi kunoga. Nilipomaliza akauliza kwa upole, "Na sisi ukitoka hapa, utatusemaje?"

Sikuwa na jibu. Nimelitengeneza baadaye, na hili ndilo nililolitumia mpaka leo: "Mshahara ulianza kuchelewa. Niliongea na mwajiri mara mbili, tukaona haitawezekana. Nikahesabu stoo, nikamkabidhi kwa maandishi, tukaachana." Ni ukweli uleule. Tofauti ni kwamba yule tajiri hayumo sana kwenye sentensi, nimo mimi na namna ninavyoondoka mahali. Anayetaka kumkabidhi mtu funguo za stoo hilo neno "nikakabidhi kwa maandishi" linamgusa kuliko hadithi yote ya matusi.

Aliyenifungua macho hakuwa mtaalamu wa ajira. Ni mzee wa mtaani kwetu, mstaafu, enzi zake alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Jioni hukaa nje kwenye kiti cha plastiki anacheza drafti na yeyote anayepita. Siku moja mwaka 2021 nilipita nikiwa nimetoka intavyuu nyingine, nimeshika viatu mkononi. Akaniita.

"Binti yangu, njoo. Wamekuuliza nini huko?"

Nikamwambia waliniuliza changamoto niliyowahi kuitatua kazini, na nilijibu kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi kwa shinikizo na bila kusimamiwa. Mzee akacheka. Akasema hayo ni maneno ya stationery. Na ni kweli: yule kijana wa stationery aliyenichapia CV alikuwa na aya hiyo tayari kwenye kompyuta yake, anabadilisha jina tu. Mtaa mzima tulikuwa wachapakazi waaminifu wa shinikizo.

"Pale dukani hamkuwahi kuibiwa?" akauliza.

Nikamsimulia habari ya saruji. Lori lilikuwa linaleta mifuko 600 ya kilo 50, tani 30. Vibarua wanashusha, wanapanga kwa safu, kisha tunahesabu kwa kuzidisha: kumi kwa kumi kwa sita, tunasaini. Ila kila tukifika mwisho wa mwezi mifuko haitimii, kama minane mpaka kumi na miwili kwa kila lori, na malori yalikuwa mawili kwa wiki. Tukaja kugundua kwamba katikati ya zile safu wanaacha tundu. Ukitazama nje, ukuta umekamilika. Ndani hamna kitu. Basi tukabadilisha utaratibu, tukawa tunahesabu mlangoni mfuko mmoja mmoja unapopita.

"Nani alihesabu?" mzee akauliza.

"Tulihesabu."

"Nani?"

"Sisi, pale dukani."

"Mimi sisi simjui. Sisi amekaa wapi? Nani aliyesimama mlangoni?"

Nikanyamaza. Nikasema polepole, kama mtu anayekiri kosa, "Mimi."

"Na wazo la kuhesabu mlangoni lilikuwa la nani?"

"La kwangu."

Nitakuwa mkweli: nilisikia aibu. Bibi yangu alitulea kwamba mtu anayesema mimi, mimi, ni mtu wa kuepukwa. Sifa unapewa, hujipi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeipenda maisha yangu yote, na ninaamini kwenye ndoa, kwenye ujirani na kwenye mambo mengi inafaa. Ila mbele ya jopo kizuri hakijiuzi. Kimefungwa ndani ya bahasha ya kaki, na mwenye kuifungua ana dakika ishirini na watu wengine wanane kwenye benchi.

Mzee alinifanya nisimulie habari ile mara nne jioni ile. Kila nikisema "tuli-" anagonga ubao wa drafti kwa kete. Mwisho ikawa hivi: "Mifuko ilikuwa inapungua, karibu 80 kwa mwezi. Nilishuku namna ya kuhesabu, kwa sababu leja na delivari noti vilikuwa vinalingana. Nikaomba ruhusa nisimame mlangoni wakati wa kushusha. Kila mfuko napiga mstari, wa tano unakata. Utingo naye ana karatasi yake, tunalinganisha kila mia moja, dereva anasaini mwishoni. Siku ya kwanza nilipata 591. Tisa zilikutwa zimefunikwa kwa turubai kwenye lori. Baada ya hapo hazikupungua tena, isipokuwa zinazopasuka, na hizo niliziandika kwenye daftari lake." Dakika moja na nusu. Hakuna mahali nimesema mimi ni mwaminifu, wala ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa.

Nikajitengenezea habari tatu za namna ile: ya saruji, ya kosa nililolifanya, na ya siku niliyogombana na mwenzangu. Ya kosa ndiyo iliyonipa taabu. Ukiulizwa udhaifu wako, mtu hujibu "ninapenda kazi kupita kiasi", na kila jopo limeshaisikia mpaka limechoka. Mimi nilichagua siku niliyotoa rangi mpya huku za zamani zikiwa nyuma ya rafu, zikakauka makopo kumi na manne. Nikaeleza nilivyomwambia tajiri mwenyewe kabla hajaziona, na nilivyoanza kuandika tarehe kwa makapeni kwenye kila kopo ili linalotangulia kuingia ndilo litangulie kutoka. Kosa liwe la kweli, liwe na mwisho, na lisiwe la kugusa kile hasa wanachokuajiria. Mtu wa stoo asiseme udhaifu wake ni kusahau kufunga mlango.

Habari zile tatu nilizisimulia kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, peke yangu, nikipika. Kwa sababu hapo ndipo wengi tunapodondokea: mnaongea vizuri, ghafla mmoja anabadilisha lugha, na wewe uliyekuwa unasimulia unaanza kutafsiri. Unatafuta Kiingereza cha utingo, unakosa, unaacha habari yote unarudi kwenye yale maneno ya stationery kwa kuwa hayo unayajua kwa moyo. Ukikwama, bora kuomba: "Naomba sehemu hii nieleze kwa Kiswahili ili niieleze sawasawa." Nimeomba hivyo mara mbili. Mara moja walikubali, mara moja walikataa, na hata walipokataa, nilikuwa nimepata nafasi ya kuvuta pumzi.

Mshahara sasa. Hapa nimewahi kufanya makosa ya aina zote mbili. Kariakoo nilisema "chochote mtakachonipa", nikijiona mwenye adabu. Mahali pengine rafiki yangu aliniambia nitaje kikubwa ili washuke, nikasema milioni mbili kwa nafasi ya karani. Walitazamana, wakanishukuru kwa kufika. Mwaka 2022 nilikaa chini na kikokotoo. Niliuliza watu wawili wanaofanya kazi kama ile wanapata kiasi gani, siyo kwa kuwachunguza, niliwaambia wazi ninakwenda usaili. Kisha nikapiga hesabu ya kinachobaki mkononi, kwa sababu mwajiri akitaja mshahara anataja ghafi, yaani kabla ya makato, na sisi tukitaja tunafikiria kodi ya nyumba na unga.

Kwa viwango vilivyokuwepo mwaka ule, ukiajiriwa sekta binafsi kwa laki nane, NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 80,000. Zinabaki 720,000 za kukatwa kodi. Laki mbili na sabini za kwanza hazikatwi. Kutoka hapo mpaka 520,000 ni asilimia 8, ambayo ni 20,000. Laki mbili zilizobaki ni asilimia 20, yaani 40,000. Kodi yote 60,000. Unabaki na 660,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa bodi, kama mimi, wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 120,000 nyingine. Mkononi 540,000. Mtu aliyesema "laki nane" huku akiwa ameshaigawa laki nane yote kichwani, mwezi wa kwanza atajiona ameibiwa.

Kwa hiyo nilipoulizwa nilisema, "Kwa kazi hii na uzoefu wangu, natarajia kati ya laki nane na laki tisa na nusu, ghafi. Ningependa pia kujua kama kuna posho ya usafiri." Nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema, ulimi ulitaka kuongeza "lakini hata mkipunguza sawa tu." Niliuma shavu kwa ndani. Walinipa laki nane na nusu.

Ila katika chumba hichohicho kulikuwa na swali jingine, na hili bado linanikera. "Umeolewa? Una mtoto? Mdogo? Sasa akiumwa itakuwaje?" Mwanamume aliyetoka kabla yangu tulirudi wote kwa daladala moja, nikamuuliza kama naye ameulizwa. Alikuwa na watoto watatu. Hakuulizwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia na mengine mengi, na kinga hiyo inamfikia hata anayeomba kazi. Likizo ya uzazi, siku 84, au 100 kwa waliojaliwa mapacha, iko humohumo kwenye sheria, haitolewi kwa hisani. Niliyajua hayo siku ile. Sikuyasema. Nilihitaji kazi, na ukimsomea kifungu mtu aliyeshika kalamu ya alama, unaweza kuwa na haki na bado ukarudi nyumbani bila kitu. Nilijibu kile walichopaswa kuuliza: "Saa za kazi nimeziona kwenye tangazo, saa mbili mpaka saa kumi na moja, na Jumamosi nusu siku. Nimezipanga nyumbani, nitazitimiza." Nani atakaa na mtoto wangu sikuwaambia, kwa sababu huko hakuwahusu. Kuna wenzangu wanaosema nilipaswa kusimama na kusema. Sina ugomvi nao. Aliye na akiba ya miezi sita ana maneno ambayo asiye na nauli ya kurudi hana.

Nikamalizia kwa kuuliza swali. Miaka yote ile, nikiulizwa kama nina swali, nilikuwa najibu "hapana, asante". Niliuliza, "Aliyekuwa nafasi hii ameenda wapi?" na "Mwezi wa kwanza mtaangalia nini kujua kama kazi ninaiweza?" Swali la kwanza liliwafanya watazamane. Nikaja kujua baadaye kwamba alifukuzwa kwa upotevu wa mali, na kwamba habari yangu ya saruji ilikuwa imewaingia kwa sababu hiyo.

Tangu mwaka juzi mimi ndiye ninayekaa upande wa pili wa meza, mmoja wa watatu. Unaona mambo ukiwa kule. Unaona mlinzi wa getini anapita kunong'ona kwamba yule mwenye shati la bluu amemjibu vibaya, na huwezi kujifanya hujasikia. Unaona namna jopo linavyochoka kuanzia mtu wa sita. Tulimpata kijana aliyesema mfumo wetu wa kompyuta anaujua vizuri sana. Mwenzangu akamgeuzia kioo amwonyeshe alivyoingiza mzigo, kijana akashika kipanya akakizungusha mezani mpaka tukaona aibu sisi. Aliyemfuata alisema, "Huo sijautumia. Nimetumia Excel na leja ya mkono. Mkinionyesha, nitaandika hatua kwenye daftari langu." Huyo tunaye mpaka leo.

Mwezi uliopita aliingia kijana mwembamba, ametoka ghala la nafaka. Bahasha ya kaki, magoti yamebanana. Alianza kwa "naitwa fulani, nimezaliwa", mwenzangu akafungua mdomo, nikamgusa mguu chini ya meza asimwambie kwamba hayo tunayo. Nikamuuliza, "Kule ghalani, mahindi hayakuwahi kupungua?"

Akakaa vizuri. Akasema yalikuwa yanapungua uzito, magunia yanatimia lakini kilo hazitimii. Tukapima upya, akasema. Tukakuta mzani umelegea.

"Nani alipima?"

"Tulipima, mama."

"Nani?"

Akatazama mikono yake. Akafikiri, muda mrefu kidogo kuliko nilivyofikiri mimi siku ile kwenye ubao wa drafti. "Kupakia gunia kwenye mzani tulikuwa wawili, peke yangu nisingeweza. Kusoma na kuandika ni mimi. Aliyesema tuujaribu mzani kwa jiwe la kilo ishirini ni yeye."

Nikaandika alama yake, nikamwambia, "Enhe. Endelea."